Injini isiyojulikana kwenye pikapu ya zamani: dalili zinakuambia nini

Hilux ya miaka ya tisini inayoshusha ndizi kutoka Machame, au inayopeleka karoti za Ngaramtoni sokoni Kilombero, mara nyingi haina tena injini iliyotoka nayo Japani. Imeshabadilishwa, pengine zaidi ya mara moja, na aliyebadilisha hakuacha maandishi. Kadi ya gari inasema hivi, muuzaji anasema vile, na mwenye duka la spea anakuuzia gasketi ya kitu cha tatu. Pesa huanza kupotea hapo: taiming belti imezidi meno, hita plagi (za kupasha injini joto kabla haijawaka) zinaungua kabla mwezi haujaisha, diski ya klachi haiingii.

Wengi wanaoleta gari la namna hii huuliza, "Fundi, hii ni injini gani?" wakitaka jibu la neno moja. Neno moja halitoshi. Bloku inaweza kuwa ya 5L (jina la injini ya diseli ya Toyota, si lita), silinda hedi ya 3L, pampu ya diseli imetoka kwenye Hiace, na sampu (bakuli la oili chini ya injini) imetoka kwenye Hilux iliyochinjwa Unga Limited. Kwa hiyo tambua kila kipande kivyake, na dalili unazoziona barabarani zikuonyeshe uanzie kipande kipi.

Soma kwanza kilichoandikwa

Tafuta kibati cha kiwandani ndani ya boneti. Kwa Toyota, herufi za mwanzo za modeli zinataja ukoo wa injini ambayo gari lilizaliwa nayo. LN106 ni L ya injini za diseli za ukoo wa L, na N ya Hilux. RN na YN zilizaliwa na petroli, KZN ilikuja na 1KZ. Upande wa Land Cruiser, HZJ75 ni 1HZ, PZJ75 ni 1PZ, BJ ni injini za ukoo wa B. Kibati hakikuambii kilichomo leo, lakini kinakuambia umbali ambao gari limesafiri kutoka asili yake. Ukikuta chesisi ya RN na diseli inanguruma ndani, andaa mkao: breki, tanki na nyaya zote zina la kusema.

Halafu namba ya injini. Hugongwa kwenye sehemu bapa ya bloku, mara nyingi chini kidogo ya inapokaa gasketi ya silinda hedi, au karibu na pale injini inapokutana na gia boksi. Kwenye gari la kazi imefunikwa na oili iliyoganda na vumbi. Pitisha brashi ya waya, osha kwa diseli, kausha, kisha sugua chaki nyeupe juu yake. Mashimo ya herufi yataonekana. Pasipofikika kwa jicho, ingiza simu upige picha ya pembeni. Kwa Toyota herufi za ukoo hutangulia: 2L, 3L, 5L, 1KZ, 1HZ, kisha tarakimu. Nissan huanza na TD27 au QD32, Mitsubishi na 4D56. Bloku za Isuzu 4JA1 na 4JB1 aghalabu zina 2.5 au 2.8 iliyotokeza kwenye chuma chenyewe, ambayo hakuna mtu anayeweza kuigonga upya kwa nyundo.

Kuna hila moja ambayo wauza spea wazoefu wanaitumia na wateja hawaijui. Namba za spea za Toyota zina makundi mawili ya tarakimu tano, na tarakimu mbili za kwanza za kundi la pili mara nyingi zinataja ukoo wa injini. 54 ni ukoo wa L, 17 ni 1HZ na ndugu zake, 64 ni ukoo wa C wa zile Noah na TownAce, na 67 au 69 ni 1KZ. Kwa hiyo kibati cha pampu kikisomeka 22100-54 na kuendelea, pampu hiyo ni ya ukoo wa L, hata kama imekaa kwenye injini ambayo muuzaji anaapa ni kitu kingine. Haikuambii kama ni ya 2L au 5L. Kwa hilo inabidi kupima.

Na kabla ya yote hayo, hesabu bomba za nozeli (vinyunyizio vya diseli, kimoja kwa kila silinda). Inaonekana kama mzaha, lakini Land Cruiser pikapu nyingi zinazouzwa kwa jina la 1HZ zina bomba tano. Hiyo ni 1PZ. Silinda za injini hizi mbili zina kipenyo kilekile cha milimita 94 na mwendo uleule wa pistoni (umbali inaopanda na kushuka) wa 100, ila 1PZ ina silinda tano na ujazo wa sisi (cc) 3,469, na 1HZ ina sita na sisi 4,164. Kwa sauti tu, ukiwa umesimama kwenye kelele za gereji, unaweza kudanganyika.

Dalili: gasketi ya hedi inaungua tena na tena

Hapa nakaa zaidi, kwa sababu ndipo Hilux nyingi za kwetu zinapofia.

Injini za 2L, 3L na 5L zinafungwa kwenye Hilux bila kuchomelea chochote. Mabano ni yale yale, gia boksi inakubali, na kwa nje zinafanana kama mapacha. Tofauti iko ndani. 2L ina kipenyo cha silinda cha milimita 92 na mwendo wa 92, jumla sisi 2,446. 3L ni 96 kwa 96, sisi 2,779. 5L ni 99.5 kwa 96, sisi 2,986. Sasa chukua bloku ya 5L iliyoingia bila jina, mpe fundi anayeamini ni 3L. Atanunua gasketi ya 3L. Matundu yake ni madogo kuliko silinda, kwa hiyo ile pete ya chuma inachungulia ndani ya silinda, inapokea moto moja kwa moja, na baada ya muda inaungua. Mwenye gari anaambiwa hedi imepinda. Hedi inakwanguliwa, gasketi ileile inarudi, na mchezo unaanza upya.

Utaona dalili hizi: mapovu kwenye rejeta injini ikiwaka, maji yanapungua bila kuvuja nje, bomba la juu la rejeta linakuwa gumu dakika chache tu baada ya kuwasha injini ya baridi. Hayo yote yanaweza pia kutokana na hedi iliyopasuka, na 2L-T, 2L-TE na 1KZ zinajulikana sana kwa ugonjwa huo. Lakini gasketi ikishaungua mara ya pili kwenye hedi iliyopimwa na kukutwa imenyooka, acha kuilaumu hedi. Pima silinda.

Usijaribu kupima kwa kuingiza waya kwenye tundu la nozeli. Kwenye injini hizi nozeli inamwaga mafuta kwenye chumba kidogo kilicho ndani ya hedi, si juu ya pistoni, kwa hiyo waya haufiki popote. Njia hiyo inasaidia kwenye petroli kupitia tundu la plagi: 2RZ na 3RZ zote zina kipenyo cha 95, ila mwendo wa pistoni ni 86 kwa ya kwanza na 95 kwa ya pili, na tofauti ya milimita tisa inaonekana hata kwa kijiti. Kwa diseli za ukoo wa L subiri hedi ishuke, kisha tumia kipimo cha ndani, si rula. Kumbuka injini iliyokwisha kufanyiwa ovahoo inaweza kuwa imetanuliwa kwa nusu milimita au zaidi, kwa hiyo 96.5 bado ni 3L.

Ukishajua kipenyo, bado kuna unene. Gasketi za diseli hizi hutolewa kwa unene tofauti, na unaochagua unategemea pistoni inachomoza kiasi gani juu ya uso wa bloku. Bloku ikishakwanguliwa, kipimo cha zamani hakifai tena. Fundi anayefunga gasketi bila kupima kitu hicho anacheza kamari kwa pesa yako.

Kwa hedi yenyewe, fungua tapeti kava. 2L za zamani zina roka (vikono vya kusukuma valvu) juu ya valvu. Zilizofuata, yaani 2L ya kizazi cha pili, 3L na 5L, kamshafti inakanyaga tapeti moja kwa moja na hakuna roka. Hapo tu unakuwa umeshaondoa nusu ya maswali, na umeshajua pia taiming belti ya kununua isiwe ya injini ya roka.

Dalili: asubuhi haiwaki, au stata inazunguka kivivu

Asubuhi za Juni na Julai, Arusha inapokuwa na ule ukungu wa Meru, diseli isiyo na hita plagi nzuri hukohoa moshi mweupe na kukataa. Injini ya kubadilishwa ina sababu yake ya ziada. Kuna mifumo ya Toyota inayotumia hita plagi za volti ndogo, zinazopata moto haraka kisha kiboksi kinazipunguzia umeme. Nyingine zinatumia plagi za volti kamili zinazokaa na umeme muda wote. Injini inakuja na plagi zake, gari linabaki na kiboksi chake. Plagi za volti ndogo zikipewa umeme kamili bila kupunguzwa zinaungua haraka. Za volti kamili zikikutana na kiboksi kinachokata mapema hazipati moto wa kutosha. Soma volti iliyoandikwa kwenye plagi, kisha weka mita kwenye nyaya zake fundi mwenzako akiwasha swichi. Mambo mawili hayo yakipishana, umepata jibu.

Stata inayozunguka kivivu ilhali betri ni mpya: angalia kibati chake. Land Cruiser nyingi za soko la Japani zilitumia volti 24. Stata ya 24 kwenye gari la 12 inajikokota au inagonga tu. Kibaya zaidi ni ile koili ya kuzima injini iliyo kwenye pampu. Ya volti 24 ikipewa 12 inaweza isifunguke vizuri, na utazunguka na filta na tanki ukitafuta hewa isiyokuwepo.

Dalili: moshi mweusi mlimani, au gari halina nguvu wala moshi

Arusha iko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huku ni nyepesi. Diseli isiyo na turbo iliyowekewa mafuta sawasawa kule Tanga itatoa moshi mweusi kidogo ikipanda Ngaramtoni, na huo si ugonjwa. Moshi wa kuziba barabara ndio wa kuchunguza.

Angalia kama pampu ina kofia juu yake, yenye bomba jembamba linalokwenda kwenye manifoldi. Hiyo ni pampu ya injini ya turbo. Kofia inasubiri upepo wa turbo ndipo iongeze mafuta. Ukiifunga kwenye 3L isiyo na turbo, upepo hauji kamwe na mafuta hayaongezeki: gari halitoi moshi na halina nguvu. Kinyume chake, pampu ya injini ya kawaida ikifungwa kwenye injini ya turbo haitoi mafuta ya kutosha, fundi anakaza skrubu ya mafuta kufidia, na gari linatoa wingu jeusi kila linapoondoka kabla turbo haijashika.

Pampu isiyo na kebo ya mafuta kabisa, bali ina mkungu wa nyaya, ni ya umeme: 2L-TE au 1KZ-TE. Bila kiboksi chake cha kompyuta na vihisio vyake haitafanya kazi. Wengi hubadilisha wakaweka pampu ya kawaida, na si jambo baya likifanywa vizuri, ila usinunue spea za pampu kwa jina la injini baada ya hapo. Nunua kwa kibati cha pampu.

Dalili: taa ya oili inawaka ukipanda tu

Mtu anakuambia gari halina shida Moshi mjini, lakini akipanda Marangu au Kibosho na mzigo, taa ya oili inakonyeza. Mafundi wengi watakimbilia beringi na pampu ya oili. Kwa injini iliyobadilishwa, anza na sampu.

Injini moja hutengenezewa sampu tofauti kulingana na gari. Ile ya gari la magurudumu manne lazima ipishe difu ya mbele, kwa hiyo kisima chake cha oili kimewekwa penginepo. Injini iliyotoka kwenye Hiace hubadilishiwa sampu ili iingie kwenye Hilux, na mara nyingine chujio la kunyonyea halibadilishwi nalo, au linabaki fupi. Gari likielekeza pua juu, oili inakimbilia nyuma. Chujio likiwa mbele au likiwa limening'inia juu, linanyonya hewa.

Dipstiki ni sehemu ya tatizo lilelile. Stiki ya sampu nyingine inadanganya. Ikidanganya kwa upande mmoja unaendesha na oili pungufu. Ikidanganya kwa upande wa pili oili inazidi, krankishafti inaichapa, povu linapanda, sili zinavuja na bomba la kupumulia linatema hadi kwenye filta ya hewa. Sampu, chujio la kunyonyea, stiki na bomba la stiki vinunuliwe kutoka gari moja. Ukivikosa vyote pamoja, usikubali kimoja kimoja.

Dalili: breki ngumu baada ya kubadilisha injini

Hii usiiahirishe. Gari la petroli huvuta hewa ya kusaidia breki kutoka kwenye manifoldi yake. Diseli haina mvuto huo, ndiyo maana ina pampu ya vakyumu, ambayo kwa injini za ukoo wa L kwa kawaida iko nyuma ya altaneta. Pikapu ya RN ikiwekewa diseli kwa haraka, au altaneta ikibadilishwa na nyingine isiyo na pampu hiyo, busta (kifaa cha kusaidia breki) inabaki mapambo. Gari litasimama, ila kwa mguu wote.

Jaribio ni jepesi. Injini ikiwa imezimwa, kanyaga breki mara kadhaa mpaka pedali iwe ngumu. Iendelee kukanyagwa, kisha washa. Pedali inapaswa kuzama kidogo. Isipozama, angalia kama altaneta ina bomba la vakyumu na bomba la oili. Kama havipo, umepata chanzo. Kama vipo, fuata bomba hadi kwenye busta ukitafuta mpasuko. Mpaka hapo gari lisipelekwe kwenye mteremko wowote, na Rombo na Karatu yote ni miteremko.

Geji na klachi, kwa kifupi

Geji ya mizunguko iliyokufa inaeleweka: ya petroli ilisoma kutoka kwenye koili ya moto, na diseli haina koili. Geji ya spidi haihusiki na injini. Inasoma gia boksi, kwa hiyo ikidanganya, chunguza gia boksi na saizi ya matairi.

Geji ya joto ni ya kuangalia kwa makini. Sensa ya injini moja na geji ya gari jingine zinaweza zisielewane, na sindano ikakaa katikati huku maji yanachemka. Itoe sensa, iache imeunganishwa, funga waya kutoka gamba lake hadi kwenye bodi, kisha izamishe kwenye maji yanayochemka uone sindano inafika wapi. Kumbuka Arusha maji yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi, si 100, na kwa sababu hiyo hiyo mfuniko wa rejeta uliochoka huku ni hatari zaidi kuliko kule pwani.

Klachi ina kanuni moja. Meno ya katikati ya diski yanafuata shafti ya gia boksi. Upana wa diski na presha pleti vinafuata flaiwili. Kwa gari la vipande vya kuchanganya, usitaje jina la gari dukani. Beba vya zamani mkononi.

Injini ya kampuni nyingine kabisa

Ukikuta mabano yaliyochomelewa, pleti nene kati ya injini na gia boksi, au propela iliyofupishwa, injini haikutoka kwenye jina lililo kwenye grili. Land Rover yenye moyo wa Toyota si kitu cha ajabu huku kwenye magari ya safari. Mfumo wa taiming unasaidia kubagua. Nissan TD27 inatumia gia na vijiti vya kusukuma roka, haina taiming belti, kwa hiyo anayekuuzia belti ya TD27 hajui anachouza. Mitsubishi 4D56 ina belti mbili, moja ikiwa ya shafti za kutuliza mtikisiko. 4M40 ina cheni. Toyota 1HZ ina belti, ilhali 2H ya kabla yake ina gia.

Namba na kadi

Ukishamaliza, linganisha namba iliyogongwa na ile ya kwenye kadi ya gari. Kwa injini iliyobadilishwa hazitalingana, na badiliko hilo ni la kupeleka TRA pamoja na risiti ya injini, kabla askari wa barabarani au mnunuzi hajakuuliza. Namba ikisoma 3L huku silinda zinapima 99.5, imegongwa upya na mtu. Na bloku ambayo sehemu ya namba imesagwa kwa grainda ikabaki inang'aa, usiinunue hata kwa nusu bei. Mwache nayo muuzaji wake.